Kupanga seva

Anayeanzisha biashara ya intaneti mjini Butembo hulikuta kwanza neno la Kifaransa serveur, ambalo pia humaanisha mhudumu wa mkahawani. Kiswahili sanifu kimeshika seva. Mimi napenda zaidi kitenzi chake, kupanga: tunapanga chumba, tunapanga seva, tunapanga mambo yetu. Anayenunua mashine badala ya kupanga awaze betri, inveta na siku umeme unapokatika; ubaridi wa milima ya Butembo humsaidia kidogo tu. Anayepanga Ulaya humwachia mwenyeji mzigo huo, ingawa ombi la mteja wa Beni, kilomita 50 na kitu tu kutoka Butembo, litavuka bahari na kurudi. Kwa duka changa nasema: panga kwanza. Lakini nakala ya data ibaki nyumbani, kwenye diski yako, kila jioni.