Nguvu, Mamlaka, Madaraka: Tafakuri Kutoka Chitete

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea makala kuhusu serikali za mitaa. Alikuwa amesoma vitabu vya Kiingereza vitupu, kisha akaamua kuandika kwa Kiswahili, jambo nililompongeza. Tatizo likawa neno moja. Kiingereza kina neno ambalo hutumika kwa Ikulu, kwa nyaya za umeme, kwa misuli ya mpiga ngumi na hata kwa somo la hesabu, na kila alipolikuta yeye aliandika "nguvu". Rais ana nguvu. Bunge lina nguvu. Diwani hana nguvu. Nilipofika ukurasa wa tano sikujua tena diwani huyo alikosa nini: sheria, fedha, elimu, au chakula cha asubuhi.

Nilimrudishia kazi yake na swali moja: Waswahili waliotutangulia walikuwa na sababu gani ya kuwa na maneno mengi hivi kwa jambo hili? Wiki chache baadaye nilisafiri kwenda Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, na huko swali langu likanigeukia mwenyewe.

Tuanze na maneno. Nguvu na uwezo ni ya asili yetu ya Kibantu. Nguvu iko mwilini: ng'ombe anayo, mafuriko yanayo, kundi la watu wenye hasira linayo. Uwezo umetokana na kuweza, yaani kulifikisha jambo mwisho wake. Mamlaka imekuja kwa njia ya Kiarabu, nayo ni ndugu wa milki, malkia na kumiliki. Ndani yake kuna harufu ya umiliki: mwenye mamlaka ndiye anayetambuliwa kuwa kitu ni chake kukiamulia. Madaraka ni wingi wa daraka, na kamusi za zamani zinatuambia kwamba daraka ni wajibu, jukumu, kazi uliyokubali kuibeba. Hata siasa, neno tunalolisikia leo na kufikiria kelele za majukwaani, lilitumika zamani kwa maana ya upole, taratibu na uangalifu. Serikali tumeipata kwa Waajemi, kwa maneno mawili yenye maana ya kichwa na kazi.

Msomaji asinielewe vibaya. Asili ya neno si hukumu juu ya maana yake ya leo. Ila lugha iliyotenganisha nguvu, uwezo, mamlaka na madaraka ilikuwa imeona kwamba vitu hivi vinne havikai lazima katika nyumba moja. Historia ya Momba ni ushahidi wa kutosha.

Muda mrefu kabla ya ofisi yoyote, uwezo wa nchi hii ulikuwa chumvi. Huko Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa kati ya karne ya 13 na ya 15 hivi. Aliyedhibiti chumvi hakuhitaji jeshi ili asikilizwe. Watu walimfuata kwa miguu yao, na vyombo vyao kichwani.

Kisha ikaja nguvu ya kalamu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa maeneo yao ya Afrika Mashariki, na mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukapita katikati ya nchi ya Wanyamwanga. Hakuna Mnyamwanga aliyekuwa mezani. Tangu siku hiyo kuna wa upande wa Tunduma na wa upande wa Nakonde, na shangazi wa mtu anaweza kuwa raia wa nchi nyingine bila kuhama nyumba. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, na hapo wananchi wakajua kwamba mstari wa kwenye ramani unaweza kufika mpaka mlangoni kwao na kudai malipo.

Waingereza walikuja na hekima nyingine. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, aliwapa machifu baraza, mahakama na hazina. Kwa nje ilionekana mila imeheshimiwa. Kwa ndani kilichobadilika ni mahali chifu alipotazama alipotaka kujua kama bado ni chifu. Zamani alitazama chini, kwa wazee na ukoo. Sasa alitazama juu, kwa mkuu wa wilaya. Mamlaka yake iliongezewa karatasi na kupunguziwa mizizi. Ndiyo maana Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu kwa sheria mwaka 1963, katika sehemu nyingi hapakuwa na vurugu. Uliokatwa ulikuwa mti ambao mizizi yake ilikuwa imekwisha kuliwa.

Uhuru nao ulikuja na misamiati yake. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Ni jina zuri, lakini tuliangalie vizuri. Mpango huo ulizifuta halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi na kupeleka mikoani na wilayani maofisa wa Serikali Kuu. Madaraka yalisafiri kutoka Dar es Salaam, ni kweli, lakini yalisafiri ndani ya mikoba ya watumishi. Hayakukabidhiwa kwa wenyeji. Mwaka 1975 Katiba ikarekebishwa na chama kikawekwa juu ya vyombo vyote. Tukasema chama kimeshika hatamu, na hatamu, kama mpanda farasi yeyote ajuavyo, ni kamba ya kumwongoza mnyama. Sijui ni wangapi kati yetu walijiuliza mnyama ni nani. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na vijana wasio na ajira rasmi mijini wakakamatwa na kupelekwa mashambani. Hapo neno nguvu lilirudi katika maana yake ya awali kabisa: misuli ya raia, ikihesabiwa kama mali ya dola.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katiba yetu, katika ibara ya 146, inasema kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 8 inakwenda mbali zaidi: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mwanafunzi wangu angetafsiri ibara zote mbili kwa "nguvu", na tofauti yote ingepotea. Katiba inasema mamlaka inatoka kwa wananchi, na madaraka yanapelekwa kwa wananchi. Ya kwanza ni chemchemi, ya pili ni maji yanayorudi.

Sasa twende Chitete. Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma ina halmashauri yake ya mji. Huko ndiko uliko mpaka, na huko ndiko yanakopanga foleni malori ya kwenda Zambia na Kongo. Huko ndiko inakopita reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, pale Zambia ilipohitaji njia ya baharini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia. Nilipotoka Tunduma nikaiacha foleni ile nyuma yangu. Mbele yangu yalikuwa mashamba. Kwa muda wa safari moja nilihama kutoka mahali penye fedha nyingi kwenda mahali penye cheo kikubwa zaidi. Chitete ina makao makuu ya wilaya. Mpaka unaovuta wafanyabiashara uko Tunduma.

Halmashauri ya vijijini hutegemea sana ushuru wa mazao, na mwaka 2017 kiwango cha ushuru huo kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nami siwezi kuilaumu nafuu hiyo. Lakini madaraka ya halmashauri kujenga zahanati hayakupunguzwa kwa kiwango hicho hicho. Jukumu lilibaki zima, mfuko ukapungua. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliona hatari hii wakaandika kwamba kaunti 47 zipate kwa pamoja walau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mfumo wao una matatizo yake, na wao wenyewe huyasema. Walau walikubali kwamba madaraka bila uwezo ni mzigo wenye jina zuri.

Kuna mahali ambapo maana hizi hukutana kwa namna ya kushangaza, napo ni kwenye mita ya LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mteja anaponunua umeme. Kwa kuanzia ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya nyumba ya mwaka 1897 ilihitaji askari na akida. Ya mwaka 2021 inahitaji simu na tarakimu 20. Ni rahisi, na urahisi huo una faida. Lakini mlipakodi hakutani tena na mkusanya kodi, basi amuulize nani fedha imekwenda wapi? Mpangaji anayenunua umeme kwa nyumba isiyo yake alijikuta akilipa kwanza, kisha akatafuta namna ya kudai kwa mwenye nyumba. Nguvu ya umeme imekuwa mkono wa mamlaka, na mkono huo hauna uso.

Fizikia inaweza kutusaidia hapa. Inapima kwa wati kazi iliyofanyika, ikigawanywa kwa muda uliotumika. Watu wawili wakipandisha mzigo uleule juu ya kilima kilekile, wamefanya kazi sawa, lakini aliyetumia nusu ya muda ana wati mara mbili. Napenda watumishi wa umma wanaonisoma waichukue kanuni hii kazini. Ofisi inayochukua miezi sita kusaini barua ya siku moja inaweza kuwa na mamlaka yote ya kisheria. Wati zake ni chache mno. Hesabu nayo ina kipeo: mbili kwa kipeo cha kumi ni 1,024, lakini moja, hata uipe kipeo gani, hubaki moja. Kiongozi anayejizidisha mwenyewe kwa mwenyewe hawezi kupata zaidi ya yeye.

Jambo la mwisho ndilo zito. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuagiza mtu akamatwe na kuzuiwa kwa muda usiozidi saa 48. Watu wengi wanaijua nusu hiyo ya sheria. Nusu ya pili ni kwamba lazima kuwe na sababu za msingi za kuamini kuwa mtu huyo atavunja amani kwa namna isiyozuilika vinginevyo, na kwamba asipofikishwa mahakamani ndani ya muda huo aachiwe. Mwalimu aliyechelewa kikao havunji amani. Mganga aliyejibu swali kwa sauti ya juu havunji amani. Mamlaka ikivuka masharti yake haibaki kuwa mamlaka kubwa zaidi. Inageuka kuwa mabavu, hata kama imevaa suti na kupanda gari lenye bendera. Kiswahili kina neno lake kwa hilo, tena lenye mzizi tofauti kabisa.

Na katika mizani ya upande wa pili kuna chombo tunachokisahau. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi haigawiwi kihalali bila mkutano huo kuridhia. Mkulima wa Momba aliyekaa chini ya mwembe siku ya mkutano, akanyoosha mkono kukataa, anatumia mamlaka, si hisani aliyofanyiwa na mtu.

Nikiwa Chitete nilikunywa chai na mzee mmoja aliyekuwa mtoto machifu walipofutwa. Nilimweleza habari ya mwanafunzi wangu na neno lake moja. Alicheka, akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, niambie. Ofisi zimekuja hapa kwetu, na wakubwa wote wamekuja. Nikitaka barabara ya kwetu ipitike masika, kati ya hao wote nimwendee yupi?"

Nilimtajia ofisi tatu, kila moja na sehemu yake. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Basi," akasema, "mwambie mwanafunzi wako maneno yapo mengi. Atutafutie mtu mmoja mwenye yote manne."

Nimemfikishia mwanafunzi ujumbe huo. Ila nilimwongezea rai yangu, nami nairudia kwenu. Mtu mmoja mwenye yote manne ndiye tunayepaswa kumwogopa kuliko wote. Kazi yetu, walimu, wanaharakati na watumishi, ni kuhakikisha kila mmoja kati ya wengi anajua kipi ni chake, na kwamba mzee yule akiuliza swali lake katika mkutano mkuu wa kijiji chake, kuna anayelazimika kumjibu kabla ya masika.