Bakora za Vishikio vya Vito

Bakora yenye kishikio cha jiwe la kito ni vitu viwili vilivyounganishwa kwa pete ya dhahabu au fedha. Juu ni kishikio, kazi ya sonara na mchonga mawe. Chini ni mti, mara nyingi mpingo au henzerani ya Malaka, uliovishwa kiatu cha chuma au shaba kwenye ncha. Mti huchakaa, huvunjika, au hukatwa ulingane na kimo cha mmiliki mpya. Kinachorithiwa ni kishikio. Si ajabu basi kukuta kishikio cha karne ya 18 kimekaa juu ya mti wa karne ya 19, na hilo peke yake si udanganyifu.

Katika Ulaya ya karne ya 18 bakora ilikuwa sehemu ya mavazi ya muungwana, wala si lazima awe mzee wa kuegemea. Mtu wa Unguja wa zamani, aliyetoka barazani na kanzu, koti na bakora, asingehitaji kuelezwa jambo hilo. Mfalme Friedrich II wa Prussia alikuwa na vishikio vya krisopraso, jiwe la kijani linalopata rangi yake kwa nikeli, lililochimbwa Silesia, jimbo alilolinyakua kutoka kwa Austria katika vita vilivyoanza 1740. Huko Dresden, sonara Johann Christian Neuber alikata vipande vyembamba vya mawe ya Saxony, kama akiki, yaspi na amethisto, akavipanga ndani ya vijumba vya dhahabu. Visanduku vyake vya ugoro viliandikwa namba kando ya kila jiwe na kuambatana na kijitabu cha majina ya mawe hayo. Vishikio vyake vya bakora vilitokana na ufundi huohuo.

Kuchonga mawe ya aina hii si kazi ya patasi. Akiki ni ngumu kuliko chuma cha kisu, hivyo haichongwi bali husagwa: gurudumu dogo la chuma huzungushwa likiwa limepakwa unga wa almasi uliochanganywa na mafuta, na fundi hulisogeza jiwe kwenye gurudumu mpaka umbo litokee. Kichwa cha mbwa au cha kasuku chenye ukubwa wa ngumi kilimgharimu fundi kazi ya siku nyingi, na ufa mmoja uliojificha ndani ya jiwe uliweza kuiharibu yote mwishoni.

Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa Idar na Oberstein, miji miwili ya Ujerumani iliyounganishwa 1933. Vinu vya hapo viliendeshwa kwa maji ya mto. Mawe makubwa ya mchanga yenye kimo cha mtu yalizunguka wima, na wasagaji walilala kifudifudi juu ya viti vya mbao, miguu ikisukuma gogo lililopigiliwa sakafuni ili jiwe la kito ligandamane na kinoo. Unyevu na vumbi viliwaletea maradhi ya mapafu. Urembo wa vishikio hivyo ulilipiwa na watu ambao wenyewe hawakuwa na bakora. Akiki ya hapo ilipopungua, wahamiaji kutoka eneo hilo waliikuta kwa wingi kusini mwa Brazili, na tangu miaka ya 1830 ikaanza kuletwa kwa meli. Akiki ya Brazili mara nyingi ilikuwa ya kijivu, lakini ilinywa rangi. Ikilowekwa katika asali au maji ya sukari, kisha katika asidi ya salfa, iligeuka nyeusi tititi. Vishikio vingi vinavyoitwa oniksi vilizaliwa hivyo.

Kilele kilifikiwa Urusi. Peter Carl Fabergé alishika biashara ya baba yake mjini St Petersburg mwaka 1872, na karakana zake zilitoa vishikio vya bakora na vya miavuli vya nefriti ya Siberia, rodoniti ya waridi ya Urali na kwatzi angavu, vikiwa na pete za dhahabu zilizopakwa enameli. Mawe mengine yalichongwa Idar kwa oda yake. Mapinduzi ya 1917 yaliimaliza kampuni hiyo. Kwingineko Ulaya, Vita vya Kwanza vya Dunia na motokaa viliitoa bakora mikononi mwa wanaume.

Ndipo ikaingia makabatini mwa wakusanyaji. Kitabu cha Catherine Dike cha 1983 kuhusu bakora zenye siri ndani, kuanzia bunduki hadi vyombo vya kazi, kiliwafungulia wengi macho. Vishikio vya mawe vina faida moja juu ya vile vya pembe za ndovu, ambavyo sehemu ya malighafi yake ilipitia Unguja: tangu biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku kwa azimio la 1989, lililopendekezwa na Tanzania miongoni mwa nchi nyingine, bakora ya pembe huvuka mpaka kwa shida, ya jiwe haina kizuizi hicho.

Hatari yake ni bandia. Kioo huonyesha viputo vya hewa na hupata joto la mkono upesi. Jiwe hubaki baridi. Kishikio cha mwavuli wa jua hupachikwa juu ya mti wa bakora na kuuzwa kwa bei kubwa zaidi. Kwenye dhahabu ya Urusi ya kifalme hutafutwa namba 56 na kichwa cha mwanamke mwenye kilemba cha kokoshniki, akitazama kushoto kabla ya 1908 na kulia baada ya hapo. Namba 583 ni ya enzi ya Kisovieti. Lakini alama hukaa kwenye pete, na pete huhamishika. Kishikio kisicho na hati ya umiliki kinastahili kulipiwa uchongaji wake, si jina analolitaja muuzaji.