Injini iliyoamua vita vya Rufiji

Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Uingereza HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mafundi wakisafisha boila na kutengeneza mitambo yake. Haikuwa na uwezo wa kukimbia. Manowari ya Ujerumani, SMS Königsberg, ilitokea baharini, ikaimiminia mizinga na kuiacha inazama. Waingereza 38 walipoteza maisha kwa shambulio hilo.

Ushindi huo haukuwa na maisha marefu. Baada ya shambulio, kipande cha injini moja ya Königsberg kilivunjika. Nahodha wake, Max Looff, akalazimika kuirudisha meli maficho yake ya awali, ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Meli hiyo haikuiona tena bahari kuu.

Vita vya Rufiji husimuliwa zaidi kwa upande wa mizinga, ndege na makamanda. Ukivitazama kwa jicho la fundi, unakuta kila hatua iliamuliwa chini ya sitaha, kwenye boila, pistoni, valvu na pampu. Mitambo ndiyo iliyoifunga Pegasus bandarini, ndiyo iliyoirudisha Königsberg mtoni, na njaa ya mitambo hiyo kwa makaa ya mawe ndiyo iliyoikalisha humo miezi kadhaa hadi ikapigwa.

Mvuke na mlango wake

Königsberg iliteremshwa majini mjini Kiel, Ujerumani, Desemba 12, 1905. Wakati huo Rufiji na Umatumbi zilikuwa ndani ya vita vya Maji Maji, na Kinjeketile Ngwale alikuwa ameshanyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti. Meli ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya milimita 105, boila 11 za makaa na injini mbili za pistoni zenye nguvu ya farasi 13,200 kwa pamoja. Kasi yake ilipita noti 24, na mwaka 1914 meli chache za Uingereza katika maji yetu zingeweza kuifukuza.

Injini ya mvuke haina maajabu makubwa. Maji yanachemshwa ndani ya boila, mvuke unakuwa na shinikizo, na shinikizo hilo linasukuma pistoni ndani ya silinda. Ugumu uko kwenye mlango. Mvuke ukiingia upande wa juu wa pistoni, ule uliokwisha kazi upande wa chini lazima upate pa kutokea. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake, mambo yageuzwe: wa chini uingie, wa juu utoke. Kazi hiyo hufanywa na valvu, na hufanywa mara nyingi kila dakika bila kuchelewa.

Mtambo wa mvuke wa Thomas Newcomen, uliofungwa karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712 kuvuta maji kwenye mgodi wa makaa, ulikwenda polepole kiasi kwamba vijiti vilivyoning'inia kwenye boriti yake vilitosha kufungua na kufunga valvu. James Watt alipopata hataza ya kondensa ya pekee, chombo cha kupozea mvuke nje ya silinda, mwaka 1769, matumizi ya makaa yalipungua sana. Mwaka 1799 William Murdoch, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Watt na mwenzake Boulton, akasajili valvu ya kuteleza: kisanduku cha chuma kinachosogea mbele na nyuma juu ya matundu ya silinda, kikiziba moja na kufungua jingine. Valvu hiyo huendeshwa na gurudumu dogo lililofungwa kwenye shafti kuu, nje kidogo ya kitovu chake, ili kila shafti inapozunguka, valvu nayo ivutwe na kusukumwa.

Mwaka 1842, katika karakana ya Robert Stephenson mjini Newcastle, mafundi walikamilisha mtindo wa kufunga magurudumu mawili ya aina hiyo kwa kila silinda, moja la kwenda mbele na jingine la kurudi nyuma, yakiunganishwa na chuma kilichopinda. Fundi akikisogeza chuma hicho kwa mkono wa mtambo, injini inabadili mwelekeo. Akikisogeza kuelekea katikati, anapunguza muda ambao mvuke unaingia kwenye silinda na kuokoa makaa. Mtindo huo ulienea kwenye garimoshi na kwenye meli duniani kote.

Injini za Königsberg zilikuwa na silinda tatu kila moja, zenye ukubwa tofauti. Mvuke wenye shinikizo kubwa uliingia kwanza silinda ndogo, ukatoka humo kwenda ya kati, kisha kubwa kuliko zote, kama bua la muwa linavyopitishwa kwenye mashine ya juisi mara ya pili na ya tatu hadi libaki makapi. Mwishowe mvuke ulikwenda kwenye kondensa, ukapozwa kwa maji ya bahari yanayopita ndani ya mirija na kugeuka maji tena. Pampu ziliyarudisha boila.

Pampu hizo ni sehemu ambayo msomaji wa historia huipita haraka, lakini baharia haipiti. Boila za aina ile zilihitaji maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari huacha magamba ndani ya mirija, mirija ikapata moto kupita kiasi na kupasuka. Katika karne ya 19 Mmarekani Henry Worthington alibuni pampu pacha ya mvuke, ambamo pistoni ya upande mmoja ndiyo inayosogeza valvu ya upande wa pili, hivyo pampu inaendelea bila shafti wala gurudumu. Pampu za mvuke za namna mbalimbali zilijaza boila, zikatoa maji yaliyovuja chini ya meli na kuzima moto. Zikisimama, meli imesimama.

Königsberg ilijengwa mwishoni mwa enzi yake. Meli dada yake, Stettin, ilifungwa tabo za mvuke, mitambo inayozungusha rafadha bila pistoni kwenda na kurudi. Königsberg ilibaki na mtindo wa zamani, wenye viungo vingi vinavyosuguana na vingi vya kuvunjika.

Kwa nini Rufiji

Meli hiyo ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914 na kuondoka Julai 31, siku chache kabla ya Uingereza kuingia vitani. Agosti 6 iliiteka meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, karibu na Oman. Kisha tatizo lake kubwa likajitokeza: makaa. Boila 11 zinakula makaa usiku na mchana, na Waingereza walikuwa wamenunua makaa yaliyokuwa sokoni Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, ili yasimfikie adui.

Dar es Salaam nayo ilikuwa imefungwa. Agosti 8, Waingereza waliposhambulia mji, Wajerumani walizamisha chelezo chao kinachoelea kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Waliziba njia ya adui na ya manowari yao wenyewe, na wakapoteza chombo ambacho kingewafaa kwa matengenezo.

Ikabaki Rufiji. Meli ya upimaji ya Ujerumani, Möwe, ilikuwa imepima mikondo ya delta kabla ya vita, hivyo Looff alijua kina cha maji ambacho ramani za Waingereza hazikukionyesha. Septemba 3, Königsberg ilipanda na maji ya kujaa hadi Salale, ndani ya delta. Chini ilihitaji zaidi ya mita tano za maji. Pembeni ilizungukwa na mikoko mirefu, na matawi yalitumika kuificha isionekane.

Humo ndimo ilimotoka kwenda kuishambulia Pegasus, na humo ndimo ilimorudi na injini mbovu.

Chuma kilichokwenda Dar es Salaam kwa nchi kavu

Kilichovunjika ni kiungo kinachoshika ncha ya fimbo ya pistoni na kuiunganisha na mkono unaozungusha shafti. Ni kipande kinachobeba nguvu yote ya silinda. Bila hicho, valvu inaweza kufunguka kwa wakati wake na mvuke ukaingia sawasawa, lakini nguvu haifiki kwenye rafadha. Kutengeneza kitu cha namna hiyo kunataka tanuru, nyundo za mvuke na mashine za kukereza chuma, na vifaa hivyo havikuwapo kwenye delta. Vilikuwapo kwenye karakana za Dar es Salaam, mwanzo wa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1914.

Reli haikupita Rufiji. Baharini Waingereza walikuwa wanawinda. Vipande vya injini vikafunguliwa na kupelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa na kurudishwa. Leo abiria wa basi kutoka Kibiti anafika Dar es Salaam kwa saa chache kwa barabara ya lami. Mwaka 1914 mzigo wa chuma ulivuka mabonde, mchanga na tope kwa nguvu za Waafrika waliouvuta na kuubeba, katika nchi ambayo haikuwa imetimiza miaka 10 tangu Maji Maji kuzimwa kwa moto na njaa. Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa wa meli. Ya waliokokota injini hayakuandikwa.

Matengenezo hayo yanaonyesha kiwango cha ufundi kilichokuwapo Dar es Salaam wakati ule. Karakana ya koloni iliweza kufufua injini ya manowari. Hata hivyo, muda uliopotea haukurudi. Oktoba 30, 1914, HMS Dartmouth iliiona Königsberg ndani ya delta. Novemba 10, Waingereza walizamisha meli kuukuu ya makaa, Newbridge, katika mkondo wa Suninga ili kuziba njia moja ya kutokea. Injini ilikuwa imepona. Njia na makaa havikuwapo.

Ujerumani ilijaribu kuisaidia. Meli ya Rubens, ikijifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915 ikiwa na silaha, na makaa yaliyokusudiwa kwa ajili ya Königsberg. Iliwahiwa na HMS Hyacinth na kupigwa. Silaha nyingi ziliokolewa na zikawafaa askari wa nchi kavu. Makaa hayakufika Rufiji.

Meli za kina kifupi

Manowari kubwa za Uingereza hazikuweza kuingia deltani. Suluhisho lilitoka mahali pasipotarajiwa: meli tatu za mtoni zilizojengwa na kampuni ya Vickers huko Barrow kwa ajili ya Brazili, ambazo Uingereza ilizinunua vita vilipoanza. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zilivutwa kutoka Malta hadi Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari 1915. Zilikuwa na injini za mvuke za pistoni kama Königsberg, lakini ndogo mno, za kasi ya noti 12 hivi. Faida yake ilikuwa moja: zilielea kwenye maji yasiyofika mita mbili.

Julai 6, 1915 ziliingia mdomo wa Kikunja na kupigana siku nzima bila kumaliza kazi. Zilirudi Julai 11, ndege iliyotoka Mafia ikiwaelekeza wapiga mizinga kutoka angani. Ndege hiyo iliangushwa, lakini rubani wake, Cull, na mwangalizi wake, Arnold, waliendelea kutuma ishara hata walipokuwa wakishuka. Königsberg ilishika moto, na Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe.

Mizinga yote 10 iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam, na karakana zilezile zikaitengenezea magurudumu ya kuvutwa nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria.

Shaba ilivyokwisha

Mwaka 1924, John Ingle, aliyekuwa kamanda wa Pegasus, alinunua haki ya kukata vyuma vya Königsberg kwa pauni 200. Alipeleka wazamiaji kutafuta metali zisizo chuma, yaani shaba na jamii yake. Katika meli ya mvuke, metali hizo ndizo zinazotengenezewa mirija ya kondensa, valvu za mabomba na sehemu za pampu. Viungo vilivyoongoza mvuke ndivyo vilivyokuwa na bei. Ukataji uliendelea miaka ya 1930 na ulikuwa bado unafanyika mwaka 1965. Mwaka uliofuata bodi la meli lilivunjika na kuzama kwenye tope la mto.

Linganisha na Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Goetzen karibu na Kigoma Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuiacha. Iliopolewa mwaka 1924, mwaka uleule ambao Ingle alinunua mabaki ya Rufiji. Mitambo ilionekana bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikitembea kwa mvuke hadi ilipofungwa injini za dizeli miaka ya 1970.

Meli mbili za Wajerumani, vita vilevile, injini za jamii moja. Moja ilihifadhiwa na ikabeba abiria vizazi kwa vizazi. Nyingine iliuzwa vipande vipande. Yaliyobaki ya Königsberg kwa Kibiti ni tope na simulizi za wazee wa delta walizopokea kwa baba na babu zao. Tope haliwezi kuandikwa, simulizi zinaweza. Halmashauri, walimu wa historia wa shule za Kibiti na Rufiji, na Makumbusho ya Taifa wazikusanye zingali hai, wakianza na habari za waliovuta chuma kile kwenda na kurudi Dar es Salaam.