Kuanzisha klabu ya soka la kulipwa: Wanaume na wanawake chini ya paa moja

KILA mwaka husikika habari za klabu mpya ya soka. Hutangazwa jina, rangi za jezi, nembo yenye mnyama mkali na ahadi ya kutwaa ubingwa katika kipindi kifupi. Baada ya misimu miwili au mitatu, nyingi kati ya klabu hizo hazisikiki tena, na wachezaji hubaki wakidai mishahara.

Katika miaka ya karibuni mambo yamezidi kuwa mazito, kwa kuwa klabu inayotaka hadhi ya kimataifa haiwezi tena kuwa na timu ya wanaume peke yake. Shirikisho la Soka la Amerika ya Kusini, CONMEBOL, lilianza mwaka 2019 kuzitaka klabu zinazoshiriki Copa Libertadores ziwe na timu ya wanawake. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, nalo limeiweka timu ya wanawake miongoni mwa masharti ya leseni kwa klabu zinazotaka kucheza mashindano yake.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo klabu ya namna hiyo hupitia, mahali zilipofaulu na mahali zilipokwama, kwa mifano ya Tanzania na ya nchi nyingine.

Nani mwenye klabu?

Swali la kwanza si la kocha wala mshambuliaji, bali la umiliki. Nchini Tanzania zipo njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni ya klabu ya wanachama, kama zilivyo Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936. Wanachama hukutana, hupitisha katiba na kuchagua viongozi. Faida yake ni kwamba klabu ina wenyewe hata tajiri anapoondoka. Udhaifu wake ni migogoro ya uongozi, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikizirudisha nyuma klabu za aina hiyo.

Njia ya pili ni ya klabu inayomilikiwa na kampuni. Mfano ulio wazi zaidi ni Azam FC, iliyoanza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kutwaa ubingwa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka uliofuata, 2015, ilitwaa Kombe la Kagame.

Katikati ya njia hizo mbili kuna mfumo wa mchanganyiko. Wanachama wa Simba waliridhia mfanyabiashara Mohamed Dewji awekeze Sh20 bilioni kwa hisa asilimia 49, huku asilimia 51 zikibaki kwa wanachama. Kiwango hicho cha 51 kwa 49 kiliwekwa na serikali ili klabu za wananchi zisije zikanunuliwa zote na mtu mmoja.

Kwa klabu mpya, uamuzi huu hufanywa kabla ya jambo lolote, kwa sababu ndio unaoonyesha nani atalipa deni likitokea. Kampuni husajiliwa BRELA. Klabu ya michezo husajiliwa kwa Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Baada ya hapo ndipo hufuata uanachama wa chama cha soka cha wilaya na mkoa, chini ya TFF.

Kupanda ngazi au kununua ngazi

Klabu mpya haianzii Ligi Kuu. Huanzia madaraja ya wilaya na mkoa, ikaenda ligi ya mabingwa wa mikoa, kisha First League, kisha Championship, ndipo ifike Ligi Kuu yenye timu 16. Hata klabu isiyokwama popote huhitaji miaka kadhaa, na katika miaka hiyo yote gharama za safari hulipwa bila mapato ya maana ya mlangoni.

Ndiyo maana wawekezaji wengi huchagua njia ya mkato: kuinunua klabu ambayo tayari ipo juu na kuibadili jina. Mwaka 2022 timu ya DTB ilipopanda daraja ilibadilishwa na kuwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 ikawa Fountain Gate, ikiwa imehamia Manyara.

Njia hii ina gharama isiyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Novemba 29, 2022, Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Kwa wakazi wa Mbarali ile ilikuwa siku ya kusimulia wajukuu. Mwaka 2024 klabu hiyo ilihamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Singida walipata timu. Mbarali walibaki na simulizi.

Kisheria hakuna lililovunjwa. Lakini mwekezaji anayetarajia mashabiki wanunue tiketi kwa miaka ishirini anapaswa kukumbuka kuwa shabiki aliyenyang'anywa timu mara moja hatoi moyo wake kwa urahisi mara ya pili.

Nchini Marekani hakuna kupanda wala kushuka daraja katika ligi za kulipwa za namna hii. Mwekezaji hulipia haki ya kuingia ligini na kutangaza tarehe ya kuanza. Hilo nalo halina uhakika sana. Brooklyn FC ya New York ilipanga kuwa na timu ya wanawake na ya wanaume. Wanawake walianza kucheza mwaka 2024 katika USL Super League, wakati kuanza kwa wanaume kuliahirishwa kutoka 2025 hadi 2026. Katika jiji la Spokane, jimbo la Washington, wamiliki wale wale walianzisha timu zote mbili mwaka huo huo wa 2024: Velocity ya wanaume na Zephyr ya wanawake, zikitumia uwanja mmoja. Velocity ilifika fainali ya ligi yake katika msimu wake wa kwanza.

Leseni ya klabu

FIFA ilitoa kanuni za leseni za klabu mwaka 2007, na CAF ikazifuata kwa kanuni zake yenyewe. Vigezo vipo katika makundi matano: michezo, miundombinu, watumishi na utawala, sheria, na fedha.

Kwa lugha nyepesi, klabu huulizwa maswali haya. Je, ina timu za vijana? Je, ina uwanja uliokaguliwa, au mkataba wa kutumia wa wengine? Je, ina mtendaji mkuu, mhasibu, daktari, ofisa usalama na kocha mwenye cheti kinachotakiwa? Je, wamiliki wake wanajulikana? Je, hesabu zake zimekaguliwa, na haina malimbikizo ya mishahara?

Klabu nyingi hufaulu swali la kocha na kufeli la mhasibu. Uwanja nao ni mtihani. Azam ilijenga wa kwake Chamazi, nje kidogo ya Dar es Salaam, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 10,000. Klabu isiyo na uwanja hukodi, na kila mchezo wa nyumbani huwa gharama badala ya kuwa pato.

Hata hivyo, mfano wa Azam unafundisha pia kuwa uwanja mzuri na mishahara inayolipwa kwa wakati havileti mashabiki mara moja. Katika nchi ambayo mtoto huzaliwa Simba au Yanga kabla hajajua kutembea, klabu mpya hushindana na ukoo, si na timu tu. Iliyo na nafasi nzuri zaidi ni ile inayojifunga na mji wake na kubaki hapo.

Timu ya wanawake si kiambatisho

Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens wa Pwani wakawa mabingwa wa kwanza. Baadaye JKT Queens na Simba Queens wakaitawala. Mwaka 2022 Simba Queens walitwaa ubingwa wa kanda ya CECAFA na kushika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake nchini Morocco.

Mashindano hayo ya CAF yalianza mwaka 2021 mjini Cairo, na bingwa wa kwanza, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, alipata dola 400,000 za Marekani. Mwaka 2024 taji lilikwenda Lubumbashi, kwa TP Mazembe, ambayo timu yake ya wanaume imekuwa bingwa wa Afrika mara tano. Jina, rangi na mashabiki vilikuwepo tayari. Kilichoongezwa ni wachezaji, walimu na bajeti.

Hapo kwenye bajeti ndipo ukweli hujulikana. Klabu inaweza kusajili wasichana 25 kwa ajili ya kupata leseni, ikawapa jezi zilizotumika na wanaume, uwanja wa mazoezi saa saba mchana na mikataba isiyoandikwa. Mkaguzi ataona timu kwenye karatasi. Wachezaji ndio watakaoona njaa.

Klabu ndogo ya Lewes, kusini mwa Uingereza, ilichagua njia nyingine mwaka 2017 ilipotangaza bajeti sawa kwa timu yake ya wanaume na ya wanawake. Si kila klabu inaweza kufanya hivyo. Lakini klabu mpya ina nafasi ambayo klabu kongwe haina: haina mazoea ya kuvunja. Inaweza kuandika tangu mwanzo, ndani ya katiba yake, ni sehemu gani ya mapato itakwenda kwa wanawake, nani ana haki ya uwanja siku ipi, na kwamba timu moja haitavunjwa ili kuokoa nyingine.

Mikataba na haki za uzazi

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinazihusu klabu za wanaume na za wanawake kwa pamoja. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa lazima uwe wa maandishi, na hauzidi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali. Klabu isiyolipa fidia iliyoamriwa hufungiwa kusajili.

Tangu Januari 2021 FIFA imeweka pia likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, na inakatazwa kumwachisha mchezaji kwa sababu ya ujauzito. Kanuni hiyo si pambo. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliishtaki Lyon ya Ufaransa kwa kutomlipa mshahara kamili alipokuwa mjamzito, na akashinda zaidi ya euro 80,000. Uamuzi huo ulijulikana Januari 2023. Klabu tajiri kama Lyon ilijikwaa hapo. Klabu mpya isiyo na mwanasheria itajikwaa mapema zaidi.

Lipo jambo jingine lisilozingatiwa sana. Fidia ya mafunzo, ambayo klabu iliyomlea mchezaji hulipwa anaposajiliwa nje kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, haihusu soka la wanawake. Fungu la mshikamano la asilimia 5 linahusu, lakini hutokana na ada ya uhamisho, na bila ada hakuna fungu. Maana yake ni kwamba klabu iliyomlea msichana kwa miaka sita isipompa mkataba halisi, inaweza kumwona akiondoka bila kupata hata senti.

Na wasichana wanaondoka. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Kwa klabu inayofikiri kuwa timu ya wanawake ni mzigo wa leseni tu, safari hiyo ni jibu la kutosha.

Fedha za kesho

Mapato ya klabu hutoka mlangoni, kwa wadhamini, kwenye haki za televisheni, mauzo ya wachezaji na bidhaa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka kumi na TFF kwa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Kwa timu iliyo bado madaraja ya chini, fedha hizo ni za kutazama tu.

Udhamini nao huja na kuondoka. Mwaka 2019 SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa michezo nchini Kenya kufuatia mgogoro wa kodi na leseni, na Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kubwa kuliko zote nchini humo, zikabaki bila mdhamini mkuu. Kama wakubwa walitikisika, klabu changa yenye mdhamini mmoja ingeanguka.

Kwa hiyo, kabla ya kuonyesha jezi mpya mbele ya waandishi wa habari, waanzilishi wangefanya vyema kutenga mishahara ya msimu mzima wa timu zote mbili na kuiweka kando. Wakishindwa kufanya hivyo kwa timu mbili, ni heri waanze na vijana wa kike na wa kiume wa mji wao, wakingoja fedha zitimie. Penye timu ya kweli mashabiki hujongea wenyewe. Penye madeni, hata mlinzi wa geti huondoka.