Ile mipira yote chini ya boneti ilitoka wapi?

Fungua boneti ya gari la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1980, lenye kabureta. Kabla hujaiona injini yenyewe utaona mipira: myembamba, myeusi, inapita juu ya kabureta, chini yake, inazunguka nyuma na kupotelea kusikojulikana. Mpeleke fundi wa chini ya mwembe aitazame. Jibu lake mara nyingi ni fupi: "Hii tunaitoa, haina kazi."

Basi inakatwa, matundu yanazibwa, gari linawashwa. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu mara nyingine gari linatembea vizuri kuliko lilivyokuja. Mara nyingine linaanza kula mafuta na kugonga likipanda mlima. Kwa nini fundi yuleyule, kwa kazi ileile, apate majibu mawili tofauti? Mimi naamini jibu liko kwenye historia. Hebu tuifuate.

Kwanza, ombwe, au vakyumu kama wanavyoita gereji. Pistoni ikishuka inavuta hewa. Kama kile kipepeo cha kabureta kimefungwa, hewa haipiti ya kutosha, na nyuma yake kunabaki mvuto. Injini nzima ikiwa sailensa, yaani inaunguruma gari limesimama, mvuto huo usawa wa bahari huwa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, unashuka karibu na sifuri. Kwa hiyo ombwe linakupa vitu viwili kwa mpigo: nguvu ya bure, na habari kwamba injini imebeba mzigo kiasi gani.

Wazee walianza na nguvu. Kwa miaka mingi waipa za magari mengi zilisukumwa na ombwe, na ukipanda mlima huku mvua inanyesha zilikuwa zinalala wakati unazihitaji. Mwaka 1928 Pierce-Arrow ya Marekani ilikuja na breki zinazosaidiwa na ombwe, na wazo hilo bado limo kwenye magari mengi ya petroli mpaka leo. Baadaye ikatumika ile habari: mpira mmoja kutoka kabureta hadi distributa, ili cheche iwahi kidogo pale injini inapokuwa na mzigo mdogo, kwa sababu mchanganyiko mwembamba huungua polepole. Injini ya enzi hizo ilikuwa na mipira miwili, mitatu. Hakuna aliyelalamika.

Kilichobadilisha kila kitu ni moshi wa Los Angeles. Julai 1943 jiji lile lilifunikwa na ukungu uliowasha macho kiasi kwamba, kwa kuwa vita vilikuwa vinaendelea, wapo waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi huko Pasadena, alionyesha chanzo: mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni vikikutana na jua kali. Yaani, magari. Kampuni za magari hazikufurahia kusikia hivyo.

Kuanzia hapo kila dawa ilikuja na mpira wake. Zamani mvuke unaovuja kando ya pistoni ulimwagwa tu barabarani. Kwa magari ya modeli ya 1961 yaliyouzwa California, ukaanza kurudishwa kwenye injini kupitia vali ndogo na mpira. Kufikia 1963 ikawa Marekani nzima. Mwaka 1970 California, na 1971 nchi nzima, likaja kopo la mkaa la kunasa mvuke wa tangi. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Nixon alisaini sheria ya hewa safi iliyotaka baadhi ya sumu zipunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Karibu 1973 ikaenea vali ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili moto upoe na oksidi za nitrojeni zipungue. Modeli za 1975 zikaleta kichujio cha kemikali kwenye ekzosi, na mengine yakafungwa pampu ya hewa juu yake.

Wajapani nao hawakulala. Honda walifaulu vipimo vya Marekani kwa injini yao ya CVCC bila hata kichujio, na Japani yenyewe ikaweka kwa magari ya 1978 kikomo cha gramu 0.25 tu za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, miongoni mwa masharti makali kabisa duniani wakati huo.

Sasa fikiria uko kwenye kiti cha mhandisi wa miaka ile. Unataka vali ya moshi ifunguke injini ikiwa imepata joto, na gari likiwa linatembea, na dereva akiwa hajakanyaga mpaka mwisho. Masharti matatu, na kompyuta ya kuweka kwenye gari ni ghali. Unafanyaje? Unatoboa tundu dogo juu kidogo ya kipepeo cha kabureta: gari likiwa sailensa hakuna mvuto pale, ukikanyaga mwisho mvuto unakwisha. Katikati ya njia unaweka vali inayofunguka kwa joto la maji. Ukitaka jambo lichelewe sekunde kadhaa, unaweka kipande chenye kitundu chembamba. Ile mipira ilikuwa inafanya hesabu. Ilikuwa ni kompyuta, imetengenezwa kwa mpira.

Na mpira unazeeka. Joto la injini linaukausha, unapasuka, hewa isiyopimwa na kabureta inaingia. Gari linatetemeka na kuzima kwenye foleni. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo: fundi akikata mipira yote na kuziba matundu, anaziba pia ile mipasuko. Gari linapona, naye anaamini ametoa takataka. Kumbe angebadilisha mita chache za mpira, angepata matokeo yaleyale bila kupoteza kitu.

Simlaumu sana, maana kuna kipindi alikuwa na hoja. Petroli yenye risasi huua kile kichujio, na nchi nyingi za Afrika ziliendelea kuiuza muda mrefu. Azimio la kuachana nayo lilipitishwa Dakar Juni 2001, na ilipofika Januari 2006 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeiondoa. Gari lililoletwa kabla ya hapo, kichujio kimekufa, pampu yake ya hewa ilikuwa inahudumia maiti. Lakini sababu hiyo ilikwisha 2006.

Kwa hiyo ukitaka kurahisisha, uliza kila mpira ulikuja kujibu swali gani. Mpira mnene wa breki hauguswi. Wa distributa unabaki, ingawa safari yake ndefu kupitia vali za joto na za kuchelewesha inaweza kufupishwa, mradi taimingi ipimwe upya. Ule wa mvuke wa injini ukiutoa, oili inachafuka haraka na sili zinaanza kuvuja. Kopo la mkaa linakurudishia petroli uliyoinunua. Vali ya moshi ukiiziba, moto ndani ya silinda unapanda, na kwa injini iliyopangiwa taimingi kwa kuitegemea, ndiyo ile kugonga mlimani. Kinachobaki cha kutoa ni kidogo: kwa mfano mipira ya kifaa ambacho chenyewe hakipo tena.

Na kama uko Nairobi, ongeza jambo moja. Ombwe hupungua karibu inchi moja kila mita 300 unazopanda. Mita 1,700 na ushee ni zaidi ya inchi 5. Geji ikisoma 14 au 15 pale, usikubali kuuziwa ringi mpya, na kama injini yako ina kifaa cha kufidia mwinuko, wewe ndiye hasa uliyetengenezewa.

Viwanda vyenyewe vilirahisisha, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1981 General Motors iliweka kompyuta kwenye magari yake ya petroli, na kufikia miaka ya 1990 sindano za mafuta zikaisukuma kabureta nje. Hesabu ya mipira ilihamia kwenye waya. Haikutupwa.

Hewa ile iliyowawasha watu wa Los Angeles ndiyo anayovuta leo mtoto anayesubiri daladala Ubungo. Kwa hiyo kabla fundi hajashika kisu, tafuta ile karatasi iliyobandikwa chini ya boneti yenye ramani ya mipira, na uipige picha. Magari mengi bado yanayo.