Mirowski, Michel

Michel Mirowski (14 Oktoba 1924 – 26 Machi 1990) alikuwa daktari bingwa wa moyo na mtafiti wa mapigo yake, mzaliwa wa Warsaw, Poland. Ndiye aliyebuni difibrileta ya kupandikizwa mwilini, kifaa kinachotambua mapigo ya mauti na kuyakatiza kwa mshtuko wa umeme bila kusubiri mkono wa mtu. Hakuwa mhandisi. Kazi hiyo aliianza bila fungu la maana la utafiti, na mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani yake alimweleza, tena kwa maandishi, kwamba anahangaika bure.

Jina alilozaliwa nalo ni Mordechai Frydman. Wajerumani walipoivamia Poland mwaka 1939 alikuwa kijana wa miaka 14. Jina likabadilishwa, naye akatorokea mashariki, Umoja wa Kisovyeti. Vita vilipokwisha alijikuta amebaki peke yake katika familia yake. Udaktari aliusomea Lyon, Ufaransa, kisha akazunguka kutafuta ujuzi: Israel, Mexico City kwa Demetrio Sodi-Pallares, gwiji wa kusoma michoro ya umeme wa moyo, na Baltimore, Marekani, kwa Helen Taussig, mwasisi wa tiba ya moyo kwa watoto. Wakati huo alikuwa mtu wa karatasi za ECG, yaani michoro hiyo ya umeme wa moyo. Makala zake zilihusu mapigo yanayoanzia chemba ya juu ya kushoto, mada ya wachache hata miongoni mwa madaktari wenyewe.

Kilichomgeuza ni msiba. Huko Israel alikuwa amefanya kazi chini ya Profesa Harry Heller, ambaye mwaka 1966 alianza kushikwa na vipindi vya mapigo ya kasi kupindukia katika chemba za chini za moyo. Mirowski alijua hatari iliyokuwapo, na Heller mwenyewe pia aliijua. Dawa za siku hizo hazikuwa za kutegemewa, na mgonjwa hawezi kulazwa maisha yake yote akisubiri tukio ambalo huenda lisitokee. Heller alifariki akiwa mezani, anakula na familia yake.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana wengi huchanganya mambo mawili. Mshipa wa damu wa moyo ukiziba, mtu hupata maumivu ya kifua na mara nyingi huwahi hospitali. Lakini umeme wa moyo ukivurugika, chemba za chini hutetemeka tu badala ya kusukuma damu. Mtu huzimia ndani ya sekunde chache, na kila dakika inayopita bila mshtuko wa umeme hupunguza nafasi yake ya kupona. Mashine za kutoa mshtuko huo zilikuwapo, ila zilikuwa mizigo ya kusukumwa kwenye toroli wodini. Mirowski alitaka kuitia mashine hiyo ndani ya mwili wa Heller wa kesho.

Mwaka 1968 alihamia hospitali ya Sinai, Baltimore, alikopewa wodi ya wagonjwa mahututi wa moyo na muda wa kufanya utafiti. Mwaka uliofuata alipata mwenzake, daktari kijana Morton Mower. Wakaungana, na kabla mwaka 1969 haujaisha wakawa wamekwisha kukijaribu kifaa kwa mbwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: umeme unaopitia ngozi, mbavu na mapafu unapotea njiani, ukiuleta hadi kwenye moyo wenyewe, kiasi kidogo kinatosha.

Pingamizi kali lilitoka kwa Bernard Lown, mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyeleta difibrileta ya kisasa ya umeme mnyoofu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972, katika jarida la Circulation, Lown na mwenzake waliliita wazo hilo suluhisho lenye kasoro linalotafuta matumizi yenye mantiki na yanayotekelezeka. Lown hakuwa mpumbavu wala mwenye husuda. Mwaka 1985 shirika la madaktari wapinga silaha za nyuklia aliloliasisi pamoja na wengine lilipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Hapa tu alikosea.

Milango ya ruzuku ilipofungwa, Mirowski alimgeukia Stephen Heilman, daktari aliyekuwa na kampuni ndogo ya vifaa vya tiba, Medrad, karibu na Pittsburgh, pamoja na mhandisi Alois Langer. Kundi hilo lilitengeneza filamu fupi: mbwa amesimama, moyo wake unavurugwa kwa makusudi, anaanguka, kifaa kinapiga mshtuko, naye anainuka akitikisa mkia. Inasimuliwa kwamba wapo waliodai mbwa huyo amefundishwa kuanguka, ikabidi filamu nyingine ionyeshe na mchoro wa ECG.

Tarehe 4 Februari 1980, katika hospitali ya Johns Hopkins, mwanamke mmoja alipandikizwa kifaa cha kwanza. Aliyeshika kisu ni Levi Watkins, Mwafrika wa Marekani aliyekulia Montgomery katika kanisa la Martin Luther King. Kifaa kilikuwa na uzito wa karibu robo kilo, kilikaa tumboni, na kifua kililazimika kupasuliwa ili kuunganisha waya. Wagonjwa wa mwanzo walichaguliwa kwa sharti gumu: wawe wamekwisha kunusurika kusimama kwa moyo angalau mara mbili. Idhini ya serikali ya Marekani ilitoka mwaka 1985.

Mirowski alikufa kwa saratani ya uboho akiwa na miaka 65. Utafiti wa MADIT, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa kifaa kilipunguza vifo kwa zaidi ya nusu kikilinganishwa na dawa. Siku hizi waya hupitishwa kwenye mshipa wa damu, na kifaa hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Bado kina kero zake: kikikosea kusoma mapigo, humpiga mgonjwa aliye macho, nao waliowahi kupigwa hufananisha mshtuko huo na teke la punda.

Aliyekifanya kijulikane hata kwa watu wa mpira ni mchezaji Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 akaokolewa kwa difibrileta ya nje. Alipopandikizwa ya ndani, kanuni za Italia hazikumruhusu kuendelea kuichezea klabu yake ya Inter. Uingereza hapakuwa na katazo hilo, na Februari 2022 aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Brentford.