Kwa Nini Fundi wa Newala Huliamini Gari Hili na Kulikataa Lile

Ukimwuliza fundi wa Masasi au wa Newala gari lipi ni la kuaminika, kabla ya kutaja jina atataka kujua unakwenda nalo wapi na utabeba nini. Swali lake lina historia ndefu. Hukumu ya mafundi wa kusini mwa Tanzania juu ya magari imebadilika mara kadhaa tangu uhuru, na kila mara palikuwa na sababu nje ya gari lenyewe: njia, spea na mafuta.

Tuanze na ardhi. Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka pwani, ukafikia mita 700 hadi 900 upande wa magharibi, kisha ukakatika ghafla kwa mteremko mkali. Newala imekaa ukingoni juu ya bonde la Ruvuma, na Masasi iko chini. Juu ya uwanda udongo ni mchanga mzito, na maji ya juu ya ardhi ni haba mno; kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, wanawake walishuka mabondeni kuyateka. Mchanga hulilazimisha gari kutembea kwa gia ndogo, na injini huchemka. Mteremko hula breki. Na rejeta ikikauka, maji ya kuijaza hayako karibu. Palipo hivyo, udhaifu mdogo wa gari hujitokeza mapema.

Kwa muda mrefu gari halikuwa na nafasi kubwa huku. Mwaka 1917, jeshi la Wajerumani lilipopita Newala likielekea kuvuka Ruvuma, mizigo mingi ya jeshi hilo na ya Waingereza walioliandama ilibebwa na wapagazi. Mitambo ilifika kwa wingi miaka 30 baadaye, katika mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuwa na kituo chake cha kusini Nachingwea, kaskazini mwa Masasi. Matrekta mengi ya mpango huo yalikuwa masalio ya vita, na mengine yalikuwa vifaru vya zamani vilivyogeuzwa. Yaliharibika upesi kuliko spea zilivyoweza kufika. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, lakini ulikuwa umekwisha kutoa fundisho ambalo kila kizazi cha mafundi kimelirudia: mtambo wenye nguvu usio na spea ni chuma tu.

Mpango huo uliacha bandari ya Mtwara na reli iliyotoka huko hadi Nachingwea, ambayo baadaye iliongezewa tawi la Masasi. Karanga zilizotarajiwa hazikuwapo, na mzigo uliobaki haukutosha kuilipia reli, kwa hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo korosho, chumvi, saruji na abiria vyote vilitegemea barabara za udongo. Msimu wa korosho huanza karibu na Oktoba na kuendelea mvua zinapoanza, hivyo malori hubeba shehena kubwa zaidi wakati njia zinapoanza kuharibika.

Enzi hiyo ilikuwa ya lori la Bedford na ya Land Rover. Mafundi waliipenda Land Rover kwa sababu ilifunguka kwa spana chache, bodi yake ya alumini haikuliwa na kutu, na injini yake ilieleweka. Ilikuwa na kasoro pia: shafti za ekseli yake ya nyuma zilikatika kwa urahisi chini ya mzigo mzito. Hata hivyo, kasoro inayojulikana, na ambayo spea yake ipo, haimtishi fundi.

Kisha spea zikaadimika. Bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba, na nchi ikakosa fedha za kigeni. Kusini iliumia zaidi, kwa kuwa masika yalifunga barabara ya Dar es Salaam na wasafiri walisubiri pantoni ya Rufiji. Fundi alilazimika kuchonga, kuchomelea, na kuvua kifaa katika gari lililokufa ili kuliponya jingine.

Ni katika miaka hiyo ambapo Toyota Land Cruiser ilipanda na Land Rover ikashuka. Kwa nini? Wengine husema Toyota ilikuwa imara zaidi, na ni kweli kwamba ekseli zake zilistahimili mizigo. Wengine husema Land Rover haikushindwa barabarani, ila ilishindwa dukani: spea za Uingereza zilikoma kupatikana, ilhali Land Cruiser ziliingia pamoja na miradi ya wafadhili, zikiwa na spea na karakana zao. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini ya pili yana uzito zaidi, maana udhaifu wa shafti ulikuwapo tangu mwanzo na mafundi waliuvumilia kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni rafu ya spea.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mlango wa biashara ukaanza kufunguka. Miaka iliyofuata magari ya mitumba kutoka Japani yakafurika. Japani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, na ukaguzi wake wa lazima hulifanya gari la zamani kuwa ghali kulitunza, kwa hiyo wenye nalo huliuza mapema. Ndipo Hiace ikawa gari la abiria, na Canter na Fuso zikawa za mzigo. Wingi wenyewe ukawa sababu ya kuaminika: gari likiwa la kila mtu, spea yake hupatikana hata mnadani, na kila fundi amekwisha kulifungua.

Wimbi hilo lilileta pia gari ambalo mafundi wengi walilikataa, yaani Toyota zenye injini ya D-4, iliyotoka Japani mwaka 1996. Injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mafundi walisema ni mbovu; iliunguruma vibaya na kuzimika njiani. Lakini miaka ileile uchakachuaji wa mafuta kwa mafuta ya taa ulikuwa umeenea, hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usilipe. Pampu na nozo za D-4 zinahitaji petroli safi, na ugonjwa wake husomwa kwa kompyuta ambayo gereji nyingi za wilayani hazikuwa nayo. Je, fundi alikosea? Kama mhandisi, huenda alikosea. Kama mshauri wa mteja wa Newala, alisema kweli. Injini iliyofaa Osaka haikufaa hapa kwa mafuta yale na vifaa vile.

Sasa masharti yanabadilika tena. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza foleni ya pantoni, na katika miaka ya karibuni imeanza kazi ya kuweka lami kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi. Lami itapunguza mateso ya springi na bushi; nao mwendo wa kasi utaongeza umuhimu wa breki na matairi. Magari madogo yaliyoogopa mchanga yatapanda uwanda, na hukumu za zamani zitahitaji kupimwa upya.

Kwa hiyo anayetaka kununua gari Masasi leo asichukue sifa ya jina kuwa ni ya milele, wala asidharau neno la fundi. Amwulize fundi sababu ya hukumu yake. Ikiwa sababu ni njia, aangalie kama njia bado ni ileile. Ikiwa ni spea, aulize madukani. Ikiwa ni injini ngeni, atafute aliyesomea kuipima. Ujuzi wa mafundi hawa ulipatikana kwa jasho, na unastahili kuulizwa kwa makini namna hiyo.